Binti wa Mtabila na Barua ya Uhamisho

Ndugu msomaji, wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa kwanza alibisha hodi ofisini kwangu. Aliniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, akaweka mezani barua ya kuomba kuhama chuo. Anasoma shahada ya ualimu hapa ninapofundisha. Anataka kuhamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Mimi ni mshauri wake wa masomo, na utaratibu wetu unataka niandike maoni yangu kabla barua haijapanda ngazi.

"Kwenu ni wapi?" nikamwuliza.

"Mtabila, Mwalimu. Wilaya ya Kasulu."

"Na kwa nini mawasiliano? Ualimu una ubaya gani?"

Alinyamaza kidogo. "Hauna ubaya, Mwalimu. Ila nilikuwa na miaka minane kambi ilipofungwa. Wale wakimbizi walitangaziwa mambo mengi sana. Sikumwona mtu aliyekaa nao akawauliza wanaogopa nini. Tangu siku hizo nimetaka kujua kwa nini."

Nimekaa na barua hiyo siku nne. Makala haya ni maelezo ya kwa nini ilinichukua siku zote hizo kuandika mistari mitatu.

Kwa asiyeijua Mtabila, naomba niieleze kwa ufupi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, vita vilisukuma maelfu ya Warundi kuvuka mpaka na kuingia katika nyanda za juu za Kigoma. Mtabila ikawa mojawapo ya kambi zilizowapokea upande wa Kasulu. Kwa Waha wa vijiji jirani wageni hao hawakuwa wageni kabisa, kwani Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Watu walipimiana mahindi na maharage, walipeana vibarua vya shamba, na watoto walicheza pamoja bila mkalimani. Kisha ikatangazwa kwamba hadhi ya ukimbizi ya wengi wao ingekoma tarehe 1 Agosti 2012. Mwaka ulipokwisha kambi ilikuwa imefungwa, na zaidi ya watu 30,000 walikuwa wamerudishwa kwao katika miezi michache. Chini ya miaka mitatu baadaye, mwezi Aprili 2015, Burundi ilichafuka tena. Warundi wakavuka mpaka uleule, na kambi za Nduta na Mtendeli zikalazimika kufunguliwa upya.

Leo Mtabila ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana waliomaliza kidato cha sita hupangiwa kwenda huko kwa mafunzo kabla ya kuanza chuo. Huenda mwanao, au wewe mwenyewe, umekimbia mchakamchaka juu ya ardhi hiyo bila kujua nani alilala hapo kabla yako. Binti huyu anajua.

Sasa nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita kijana mwingine aliniletea ombi linalofanana na hili. Nilimwambia abaki, amalize alichokianza. Nikamkumbusha kwamba mtaka yote hukosa yote, nikaona nimemshauri kama mzazi. Alibaki kwa heshima tu. Mwaka wa pili aliacha kuhudhuria mihadhara, na mwaka wa tatu jina lake halikuwamo tena katika orodha. Sidai kwamba kuhama kungemwokoa. Ninachojua ni kwamba nilizungumza naye kwa dakika ishirini na sikumwuliza swali hata moja. Ndiyo maana safari hii sikutaka kuandika haraka.

Niliwashirikisha wenzangu wawili, na wote wawili walinishauri nimzuie binti. Hoja zao si za kubeza.

Wa kwanza alisema: "Huyo anafuata jina la chuo." Kuna ukweli ndani yake. Vijana wetu wengi huamini kwamba thamani ya shahada huandikwa kwenye nembo iliyo juu ya karatasi. Ni kweli pia kwamba njia ya kuhama ni nyembamba. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi 4, lakini hiyo ni kizingiti tu. Mahali ambapo waombaji ni wengi na viti ni vichache, wanaopita ni wenye pointi za juu zaidi, na anayehama hupokelewa pale tu nafasi ilipobaki na sifa zake zinapokidhi programu anayoiomba. Zaidi ya hayo, shahada ya miaka mitatu hujengwa kwa krediti zisizopungua 360, yaani wastani wa 120 kwa mwaka. Kozi za ualimu alizokwisha kufaulu si lazima zihesabiwe zote katika mawasiliano. Anaweza kujikuta anaanza upya. Nilimweleza haya yote. Nilimwambia pia asikate tiketi ya basi kabla Bodi ya Mikopo haijaridhia mkopo wake umfuate, kwa sababu mama yake, kwa maelezo yake mwenyewe, amekwisha kuuza maharage ya misimu miwili kwa ajili ya mwaka huu mmoja.

Hata hivyo, mtu anayefuata jina huzungumza habari za jina. Binti huyu hakunitajia sifa za Dar es Salaam hata mara moja. Alinitajia swali. Anayekwenda chuo akiwa na swali lake mwenyewe ndiye mwanafunzi tunayedai kumtafuta kila tunapolalamika kwamba vijana wa siku hizi hukariri tu.

Mwenzangu wa pili alisema jambo zito zaidi: "Kigoma imehamwa vya kutosha." Historia iko upande wake. Chini ya utawala wa Mwingereza, mkoa huo ulifanywa hazina ya nguvukazi. Vijana wa Kiha waliandikishwa na kusafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, nao wakaitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba zao kuliko kwa majina yao. Hofu kwamba jana tulipeleka mikono na leo tunapeleka vichwa ni hofu halali. Lakini manamba alichaguliwa na mwandikishaji. Binti huyu amechagua mwenyewe. Tukimzuia kwa jina la kuilinda Kigoma tutakuwa tumemtoza yeye peke yake deni ambalo ni la taifa zima. Kama tunataka wasomi warudi Kasulu na Kibondo, tuweke huko kazi za kuwarudisha. Kumfungia mtu mlango wa kutokea hakujawahi kuwa sera ya maendeleo.

Kwa hiyo swali la kama aende au asiende halikunisumbua muda mrefu. Kilichonichukua siku nne ni swali jingine: akifika, chuo kitamfanya nini?

Ukanda wetu unalo jibu chungu kwa wanaodhani elimu ya juu humfanya mtu awe msemaji mwema. Mwezi Julai 1993, mwaka uleule Warundi walipoanza kumiminika Kigoma, kituo cha redio cha RTLM kilianza kurusha matangazo nchini Rwanda. Tunajua kilivyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka uliofuata. Tunachosahau ni kwamba mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa msomi wa historia aliyefundisha chuo kikuu. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi hapa kwetu Arusha ilimtia hatiani mwezi Desemba 2003, na mwaka 2007 rufaa ikampunguzia kifungo cha maisha kuwa miaka 30. Mhadhiri, ndugu msomaji. Mtu wa kazi yangu.

Mwaka 1995 Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, karibu na mpaka uleule. Kwizera ni neno lenye maana ya kuamini na kutumaini katika Kirundi na Kinyarwanda. Redio hiyo ilikusudiwa wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, na sauti yake ilifika hadi kambi za Kigoma. Mitambo ya redio haina dini wala kabila. Kilichovitofautisha vituo hivyo viwili ni namna kila kimoja kilivyomtazama msikilizaji: kwa mmoja alikuwa chombo cha kutumiwa, kwa mwingine alikuwa mtu anayestahili kujua kinachompata.

Hilo halipimwi kwa pointi za kidato cha sita. Mfumo wetu huchagua wanafunzi wa mawasiliano kwa ufaulu wa mitihani, kisha huwafundisha kwa Kiingereza kazi ambayo wengi wao wataifanya kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao wakiumia hulia kwa Kiha, Kisukuma au Kimakonde. Mwaka 2021 tulibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, tukisema mwananchi ana haki ya kuelewa hukumu yake. Sioni kwa nini anayefundishwa kumpasha habari mwananchi huyohuyo aandike tasnifu yake kwa lugha ambayo mwananchi hawezi kuisoma.

Lipo pia suala la sheria. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za mwaka uliofuata, mwandishi wa habari anatakiwa awe na angalau stashahada. Sipingi taaluma kuwa na kiwango; daktari hatibu kwa kipaji. Lakini tutazame matokeo yake katika redio ndogo za pembezoni. Anayewajua watu na lugha yao anaweza kukosa cheti, na mwenye cheti anaweza kufika akitokea mbali bila kujua hata salamu ya nyumba anayoiingia. Katika mazingira hayo, binti wa Mtabila mwenye shahada ya mawasiliano si anasa. Ndiye kiungo tunachokikosa.

Napendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu sisi wa vyuoni. Kwanza, anapopokelewa mwanafunzi wa kuhamia, aulizwe amejifunza nini na si kozi gani tu. Saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia ni elimu ya mawasiliano pia, na kumwanzisha upya mtu aliyezifaulu ni kumpotezea mwaka yeye na mzazi wake. Pili, mafunzo kwa vitendo yasiishie katika vyumba vya habari vya mjini. Chuo kimpeleke mwanafunzi kwa makusudi katika redio za Ngara, Kasulu na Kibondo, na kimlipie nauli. Tatu, turuhusu kazi za utafiti za shahada hii ziandikwe kwa Kiswahili. Walimu wa kuzisimamia tunao tayari.

Nilimwita binti siku ya tano. Nilimwambia nimeunga mkono ombi lake, na nikamsomea nilichoandika: kwamba ana ufaulu unaotakiwa, kwamba anajua gharama ya anachokiomba, na kwamba swali linalompeleka huko ni la maana kuliko mengi niliyoyasikia katika ukumbi wa mihadhara. Aliuliza: "Na wakinikataa, Mwalimu?" Nilimjibu kwamba tutalijadili likifika, na kwamba swali lake halihitaji ruhusa ya chuo chochote.

Kisha nikafanya nilichopaswa kumfanyia yule kijana wa zamani. Nilimwomba anisimulie siku ile ya Mtabila. Alizungumza karibu saa nzima. Alinieleza juu ya rafiki yake wa Kirundi aliyemwachia daftari la hesabu lenye kurasa nyeupe zilizobaki, akimwambia aendelee kulitumia hadi atakaporudi. Analo hadi leo, na zile kurasa hajaziandika.

Barua imepanda ngazi. Ninyi mnaokaa katika kamati za kupokea wanafunzi, huko Dar es Salaam na kwingineko, mtaziona pointi zake katika safu ya kwanza. Nawaomba, kabla ya kupiga muhuri, mmwulize anakotoka.