Subira si kunyamaza: Funzo kutoka kwa familia ya Abdelhak Nouri

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, tangu Morocco ishike nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini Qatar, majina ya akina Hakim Ziyech na Noussair Mazraoui yamekuwa yakitajwa hata na kina mama wasiofuatilia mpira. Leo tunapenda tumzungumzie kijana aliyevaa jezi moja na hao, mwenye asili ya huko huko Morocco, ambaye safari yake ya soka ilikatika akiwa na umri wa miaka 20. Huyo ni Abdelhak Nouri. Tunamtaja kwa sababu katika yaliyompata, na katika namna jamaa zake walivyoyapokea, mna jambo ambalo familia zetu nyingi hulikosea. Tumeichanganya subira na kunyamaza.

Nouri alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, Aprili 2, 1997, akakulia katika mtaa wa Geuzenveld, magharibi ya jiji hilo, ambako wanaishi wahamiaji wengi. Alijiunga na shule ya soka ya klabu ya Ajax akiwa na miaka saba. Hakuwa na kimo wala misuli ya kutisha. Alikuwa kiungo mwenye akili, anayeona pasi kabla ya wengine hawajaiona. Mwaka 2016 alichaguliwa katika kikosi bora cha mashindano ya Ulaya ya vijana chini ya miaka 19, akiichezea Uholanzi. Septemba 21 mwaka huo alicheza mechi yake ya kwanza na kikosi cha wakubwa, dhidi ya Willem II katika Kombe la Uholanzi, akafunga kwa mpira wa adhabu, na Ajax ikashinda 5-0. Msimu huo huo alitangazwa mchezaji bora wa daraja la pili la Uholanzi, ambako Ajax huwapeleka vijana wake kukomaa.

Kisha ikaja Julai 8, 2017. Ajax ilikuwa Austria, ikicheza mechi ya kirafiki na Werder Bremen ya Ujerumani kujiandaa kwa msimu mpya. Katika kipindi cha pili Nouri alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yamevurugika. Alipelekwa kwa helikopta hospitali ya Innsbruck, na Julai 13 klabu ikatangaza kwamba ubongo wake umepata madhara makubwa yasiyotarajiwa kupona. Watu kwa maelfu, Waislamu na wasio Waislamu, wakajaa mbele ya nyumba ya wazazi wake kule Geuzenveld, na wachezaji wenzake wakafika kulia pamoja na wazazi hao.

Hapa ndipo tungependa wasomaji watulie nasi kidogo. Mwanzoni klabu ilisema kwamba huduma aliyopewa kijana pale uwanjani ilikuwa ya kuridhisha. Ingekuwa rahisi kwa jamaa zake kuishia hapo. Wangeweza kusema ndivyo ilivyoandikwa, wakafunga mlango, wakabaki na mgonjwa wao. Hawakufanya hivyo. Waliamini kadari ya Mwenyezi Mungu, na pamoja na hayo wakataka kujua ni nini hasa kilifanyika, na kipi hakikufanyika, katika dakika zile. Juni 2018 uongozi wa Ajax ukatoka hadharani na kukiri kwamba huduma haikutosha. Muda mwingi ulitumika kushughulikia njia ya hewa, ilhali moyo na mzunguko wa damu vilitakiwa kuangaliwa mapema, na mashine ya kushtua moyo kwa umeme ilitakiwa kutumika mapema zaidi. Klabu ilikiri pia kwamba, kama hayo yangefanyika, huenda hali ya kijana ingekuwa bora. Familia iliendelea na madai yake, na Februari 2022 wakafikia makubaliano kwamba klabu ilipe fidia ya euro milioni 7.85.

Wapo watakaouliza: je, kudai namna hii si kupingana na kudura? Jawabu tunalipata katika kisa cha Nabii Ya'qub (A.S.), baba mwingine aliyepotelewa na kijana wake. Subira yake inatajwa kuwa ni subira njema. Hata hivyo alilia mpaka macho yake yakapofuka, na bado akawaamuru wanawe watoke wakamtafute Yusuf na ndugu yake wala wasikate tamaa. Mwenye subira kuliko wote katika nyumba ile ndiye aliyeendelea kutafuta. Nasi tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza, ndipo tumtegemee Mwenyezi Mungu. Kadari ni ya Mola, lakini amana ni ya mja. Daktari, kocha, mwalimu na dereva wamekabidhiwa roho za watu, na amana huulizwa hapa duniani kabla ya kuulizwa Kiyama.

Ni mara ngapi katika jamii zetu mzazi hufa akijifungua, au mtoto hufa baada ya kuchomwa sindano, na kabla mwili haujazikwa sauti za wakubwa zinatunyamazisha kwa neno moja tu, "siku yake imefika"? Neno hilo ni la kweli. Lakini likitumika kuzima swali, uzembe uliomwondoa huyu utabaki pale pale kumsubiri mwingine. Anayeuliza kwa adabu hamrudishi maiti wake, bali huenda akamwokoa mtoto wa jirani. Na tumeelezwa katika Qur'ani kwamba aliyeiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Tazameni pia yaliyotokea Juni 12, 2021, jijini Copenhagen. Christian Eriksen wa Denmark, ambaye naye aliwahi kuichezea Ajax, alianguka katika mechi dhidi ya Finland na moyo wake ukasimama. Alikandamizwa kifua palepale na kushtuliwa kwa mashine, akarejewa na fahamu, na mwaka 2022 akarudi uwanjani. Hatusemi kwamba ugonjwa wa wawili hao ulikuwa mmoja. Tunasema kwamba dakika za mwanzo ni amana.

Kwa hiyo walimu wa madrasa na viongozi wa timu za mitaani, wanaochezesha watoto wetu kila baada ya Alasiri, na wajiulize: mtoto akianguka leo, nani anajua la kufanya? Asiyeitika wala kupumua sawasawa hahitaji kumwagiwa maji. Anahitaji mtu mmoja akimbilie msaada, na mwingine amkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Na wazazi, kijana anayezimia akikimbia, au ambaye katika ukoo wake wapo waliokufa ghafla wakiwa vijana, apelekwe akapimwe moyo kabla ya kuruhusiwa kucheza.

Lipo jambo la pili. Machi 2020 kaka yake Nouri alieleza kupitia televisheni ya Uholanzi kwamba mdogo wake yuko nyumbani, katika nyumba iliyotengenezwa kwa mahitaji yake. Alikuwa ameamka kutoka katika usingizi ule mzito, analala, anakula, na akizungumzishwa mara nyingine hujibu kwa kunyanyua nyusi. Hakuweza kuondoka kitandani. Lakini walikuwa wakitazama naye mpira, wakazungumza naye kama mtu aliye pamoja nao, na mara nyingine akatabasamu. Ajax iliistaafisha jezi yake namba 34, na rafiki yake Donny van de Beek alipohamia Manchester United mwaka 2020 alichagua namba hiyo hiyo.

Mgonjwa yule hakufichwa chumba cha uani kama aibu ya ukoo. Katika miji yetu wapo wangapi, waliopooza au waliovurugikiwa na akili, ambao majirani hawajui hata kama wangali hai? Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, wala haki hiyo haimaliziki wiki ya kwanza, wakati nyumba imejaa watu na vyakula. Huanza kuwa nzito mwaka wa pili na wa tatu, anapobaki mama peke yake akimgeuza mwanawe kitandani.

Basi Ijumaa hii, baada ya sala, kila mmoja wetu amkumbuke mgonjwa mmoja aliyesahauliwa, amwendee, akae naye. Na mwenye swali ambalo familia yake ililizika pamoja na maiti, aliulize kwa hekima mahali panapohusika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Abdelhak Nouri kwa rehema Zake, awalipe wazazi wake kwa kila usiku waliokesha, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie subira isiyoacha haki. Amin.