Pombe Iliyokamatwa Imwagwe Hadharani

Februari 2024, wanakijiji wa Kangai, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, waliwapoteza watu wasiopungua 17 waliokunywa pombe yenye sumu. Wengine walinusurika, lakini macho yao yakaingia giza. Msiba huo uligeuka ghadhabu pale Kithure Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alipoeleza ilikotoka pombe hiyo. Ilikuwa imeshakamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi iwe kielelezo kortini. Ikaibwa humo, ikarudi kwa wanywaji.

Sumu ilikuwa tayari mikononi mwa sheria, na bado ikaua.

Wala Kangai si ya kwanza. Novemba 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi yake iliuzwa shilingi 10, iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, hasa Mukuru. Mei 2014 vilio vilisikika Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Katikati ya misiba hiyo miwili, mwaka 2010, Bunge lilipitisha sheria iliyohalalisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, mradi itengenezwe kwa viwango na kuuzwa kwa leseni. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako mkali eneo la Kati. Kila mara mambo huwa yale yale: mazishi, msako, mitungi kupinduliwa mbele ya kamera, kisha kimya.

Ukosefu wa kazi, umaskini na hongo, vyanzo vya misiba hii, vinajulikana na kila Mkenya. Kisichojulikana vya kutosha ni jinsi methanoli, sumu inayochanganywa katika pombe haramu, inavyoua. Kemikali hii ya viwandani haitambuliki kwa ladha ndani ya pombe. Ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili zinaweza kuchelewa hata siku nzima. Ndiyo maana jamaa humwacha mgonjwa alale, wakidhani kileo kitamtoka. Wanapogutuka, mara nyingi wamechelewa.

Lawama haiishii kwa mpishi wa pombe. Chifu anaijua nyumba inapouzwa. Askari anaijua, na wapo wanaopita kuchukua chao kila wiki. Mwenye ploti anapokea kodi. Mwenye boda boda anabeba mitungi usiku. Jirani anasikia harufu na kufunga dirisha. Watu wote hao wana sehemu katika makaburi yale.

Basi wananchi wa kila lokesheni waende kwenye baraza la chifu na dai moja: pombe ikikamatwa, sampuli ichukuliwe, ipigwe picha, hakimu atoe idhini, na iliyobaki imwagwe mbele ya macho yao, wazee na akina mama wakihesabu mitungi na kutia saini. Kituo kitakachokataa kishtakiwe kwa IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi. Anayeogopa kumtaja muuzaji au kutafuta msaada wa uraibu apige simu 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Makanisa na misikiti yawapokee walevi badala ya kuwasema mimbarini. Wazazi wazungumze na watoto wao mapema.

Na mtu akilalamika kwamba anaona ukungu baada ya kunywa, asifichwe kwa aibu. Akimbizwe hospitalini saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe waziwazi alichokunywa. Kuna dawa ya kuzuia sumu hiyo, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine. Aibu ya familia haifai kugharimu macho ya mtu, sembuse uhai wake.

Mwaka 2027 wagombea watapita vijijini kuomba kura, na wengine watawanunulia vijana pombe. Wapiga kura wawaulize mbele ya umma: tangu Kangai, ni askari gani, ni muuzaji gani amefungwa, na ninyi mmefanya nini? Asiye na jibu anyimwe kura, hata akiwa mtoto wa nyumbani, hata akija na noti mkononi.