Kuta zilisimama, lakini umeme ulikosa

Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilivunja kuta za kuzuia maji za New Orleans, Marekani. Karibu 80% ya muji ilifunikwa. Serikali ikajenga upya kwa miliari 14 za dola na zaidi.

Tarehe ile ile mwaka 2021, Ida ikafika. Kuta zikasimama, lakini umeme ukakatika muji muzima siku nyingi, na wazee wakakufa nyumbani juu ya joto.

Uvira pia inajua: Aprili 2020, mafuriko ya mto Mulongwe yaliharibu nyumba pamoja na mitambo ya maji ya kunywa.

Viongozi wakipima mita za ukuta, wapime pia siku ambazo wakaaji wanabaki bila maji ya robine.