Mkebe wa Jimu Unaweza Kukutoa Ulingoni

Wasee wa ndondi na MMA, hiyo mkebe ya poda mlinunua jimu mnajua kenye iko ndani? Kriatini haina noma, WADA haijaikataza. Shida ni kenye lebo haisemi. Cheki Yoel Romero, enzi zake akiwa UFC. 2016 alipatikana na ibutamoren, USADA ikapima saplimenti yake, hata mkebe haujafunguliwa, ikapata imo. Bado alikula miezi 6 nje. Tim Means, mwaka huo huo, ostarine, miezi 6 pia. Sheria haiulizi kama ulijua, ikiwa mwilini ni yako. Hao walikuwa na UFC nyuma yao. Bondia wa mtaani akidakwa na ADAK, doh ya maabara na wakili atatoa wapi? Buda, weka risiti, na mkebe usitupe hata ukiisha.