Namba Yako ni Jina, Siyo Ufunguo



Wengi mnanijua kama mtu wa nyaya na saketi, mambo ya sheria na serikali huwa nawaachia wenyewe. Leo naomba nafasi niongelee kitu kidogo kilichomo ndani ya pochi ya kila mmoja wetu: ile kadi yenye namba.

Muhula uliopita mdogo wetu mmoja, ndiyo kwanza anaingia Dubai, alitafuta pa kulala kule Deira. Sisi wa zamani tunaujua utaratibu: mwanafunzi hapangi nyumba wala chumba, anapanga kitanda. Msimamizi akamwambia atume picha ya Emirates ID, mbele na nyuma, kwa WhatsApp. Akatuma. Wiki mbili baadaye akapigiwa simu na bwana anayejiita afisa wa polisi. Yule bwana akamsomea namba yake yote, tarakimu 15, bila kukosea hata moja. Akamtajia jina na utaifa. Kisha akamwambia faili lake lina tatizo, na ili litatuliwe akubali ombi litakalotokea kwenye simu yake kupitia UAE Pass. Kijana alikuwa ameshaelekeza kidole kwenye kitufe. Aliyemwokoa ni jamaa wa kitanda cha juu, aliyeisikia ile sauti akapiga kelele: "Kata hiyo simu!"

Nilipomuuliza kwa nini alimwamini mtu asiyemjua, alinijibu: "Kaka, si alikuwa na namba yangu?"

Sina haki ya kumcheka. Januari 2020, siku za mwisho kabla ya laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuanza kuzimwa Tanzania (mwisho ulikuwa tarehe 20), nilipanga foleni Dar es Salaam kwa wakala mmoja wa chini ya mwavuli. Nikamtajia namba yangu ya NIDA, nikaweka kidole. "Haijasoma, weka tena." Nikaweka. "Tena kidogo, bosi." Nikaweka mara ya tatu, nikashukuru, nikaenda zangu. Mwaka jana nikiwa likizo nikapiga *106#, ile huduma ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Mimi nina laini mbili. Nikaziona tatu.

Nimeshaifungisha hiyo ya tatu, lakini mpaka leo sijui ilikuwa mkononi mwa nani. Sijui kama ndiyo ilikuwa ikiwatumia wazee wa watu ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Ninachojua ni kwamba siku polisi wakiifuatilia, wangebisha hodi kwa mama yangu, siyo kwa tapeli.

Sasa tuiangalie namba yenyewe kwa jicho la fundi. Namba ya Emirates ID inaanza na 784, ambayo ni namba ya nchi hii katika orodha ya kimataifa. Nne zinazofuata ni mwaka wako wa kuzaliwa. Yaani nikijua umri wako tu, nimeshapata tarakimu 7 kati ya 15 kabla hujafungua mdomo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, imeandikwa wazi kabisa. NIN ya ndugu zetu wa Uganda inasema katika herufi ya pili kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Hizi namba hazikutengenezwa ziwe siri. Zilitengenezwa ili Juma wa Temeke asichanganywe na Juma wa Tandika. Ni majina, ila yameandikwa kwa tarakimu.

Tatizo linaanza pale ofisi, benki au wakala anapoligeuza jina kuwa ufunguo: ukiitaja, basi wewe ndiye mwenyewe. Nywila ikivuja unabadilisha. Kadi ya benki ikipotea unapewa nyingine yenye namba mpya. Namba ya kitambulisho unazikwa nayo. Ufunguo usiobadilishika, ambao nakala zake ziko kwenye kila droo ya mji, hakuna fundi mwenye akili timamu angeufunga kwenye mlango wake.

Kwa hiyo tunapouliza serikali za mahali zinalindaje namba za wakazi wake, kwangu mimi swali lina sehemu mbili. Kwanza, zinapunguzaje nakala zinazozagaa? Pili, zinahakikishaje kwamba mwizi akishaipata namba hawezi kufanya nayo chochote?

Tuanze na hapa tulipo. Serikali ya shirikisho ina mambo yake, na Dubai ina serikali yake ya mahali. Kwenye swali la kwanza, Dubai imefanya kazi. Desemba 2021 ilitangaza kwamba ofisi zake 45 zimeacha kabisa karatasi, baada ya mpango ulioanza 2018, na ikasema imeokoa karatasi zaidi ya milioni 336. Wengi walisifia miti. Mimi nilifikiria kopi. Karatasi ambayo haikudurufiwa haiwezi kuibiwa kwenye droo. Kwenye swali la pili kuna hiyo UAE Pass, iliyoanza 2018: unaandika namba yako, lakini namba peke yake haifungui kitu mpaka ukubali mwenyewe kwenye simu yako. Hapo jina limebaki jina, na ufunguo ni kitu kingine. Ndiyo maana yule tapeli wa Deira, pamoja na kuwa na namba yote, bado alimhitaji kijana abonyeze kitufe.

Lakini tusidanganyane kwamba hapa ni peponi. Sheria ya shirikisho ya kulinda taarifa binafsi, Na. 45 ya 2021, ilianza kazi Januari 2022, na taarifa zilizoko mikononi mwa serikali yenyewe haizigusi. Hizo zinaangukia kwenye kanuni nyingine, kama sheria ya Dubai ya 2015 kuhusu taarifa. Tena Septemba 2022 Idara ya Ardhi ya Dubai iliagiza wapangaji waandikishe kila wanayeishi naye, na kitambulisho chake, kwenye programu ya simu. Nia ni njema, serikali ijue nani analala wapi. Matokeo yake mitaani ni kwamba msimamizi wa kitanda ana sababu halali ya kuidai kadi yako, na yeye hana kanuni ya karatasi sifuri. Picha inabaki kwenye simu yake, pamoja na za wapangaji wote waliopita. Ofisi imefunga mlango vizuri, dirisha likabaki wazi uani.

Sasa twende nyumbani, maana huko ndiko tutakakorudi.

Kwetu safari ya kitambulisho inaanza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Barua ya mtendaji, kopi ya cheti cha kuzaliwa, kopi ya hiki, kopi ya kile. Zanzibar kuna sheha, Kenya kuna chifu. Kopi unapiga steshenari ya jirani, na ile iliyotoka na wino mbaya inabaki kwenye kapu. Jamani, nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye fomu ya mtu, jina na tarehe ya kuzaliwa vyote vinasomeka! Na katika ofisi moja ya mtaa nilikuta orodha ya majina na namba za NIDA imebandikwa ukutani nje, ili watu wasisumbue kwa kuuliza. Kila mpita njia mwenye simu yenye kamera angeweza kuondoka na mtaa mzima.

Hatuwezi kusema hatuna sheria. Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Uganda ikapata yake mwaka huohuo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Lakini Wakenya wanakumbuka Juni 2021, walipopewa njia ya kuangalia mtandaoni kama wameandikishwa katika chama cha siasa. Watu wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hata kadi yake hawajawahi kuiona. Sheria ilikuwepo tayari. Kumbe mtu akiwa na jina na namba yako tu, anaweza kukuandikisha uanachama bila kukuuliza. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema usambazaji wa kadi za Huduma Namba haukuwa halali, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara kwa taarifa za watu. Nawapongeza waliokwenda mahakamani. Hata hivyo, hukumu ya Nairobi haifiki yenyewe kwenye daftari la wageni pale getini, ambako askari wa lango anakuamuru uandike namba ya kitambulisho chini ya namba za wageni wote waliokutangulia.

Na msidhani ni umaskini wetu. Juni 2022 katika jiji la Amagasaki, Japani, mfanyakazi wa kampuni iliyopewa kazi na jiji alibeba taarifa za wakazi wote, watu wapatao 460,000, kwenye flashi. Akaenda kunywa, akalala barabarani, akaamka begi halipo. Lilipatikana baadaye, lakini jiji zima lilishakosa usingizi. Huko teknolojia ipo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: kwani huyu anahitaji kubeba taarifa za watu wote za nini?

Basi mimi napendekeza mambo manne kwa serikali zetu za mitaa, na hamna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

La kwanza, mtendaji akione kitambulisho, aandike "kimeonekana", atie sahihi na tarehe, akirudishe. Kopi isichukuliwe mpaka sheria iitaje. Korea Kusini, baada ya kuvuja kwa namba za mamilioni ya watu, ilipiga marufuku mwaka 2014 kukusanya namba ya mkazi bila msingi wa kisheria. Inawezekana.

La pili, orodha yoyote ya ukutani ionyeshe jina na tarakimu nne za mwisho tu. Mwenyewe atajitambua, mwizi atabaki na pengo.

La tatu, ofisi yoyote isikubali namba peke yake kuwa uthibitisho. Kidole, sura au simu ya mwenyewe lazima vifuate, na kila kidole kinapowekwa mwenye nacho apate ujumbe palepale: laini imesajiliwa kwa jina lako. Ningeupata huo ujumbe mara mbili pale kwa wakala, ningegeuka kabla sijavuka barabara.

La nne, mwananchi aweze kuona nani ametumia namba yake. *106# ni mfano wetu wenyewe, na ni mzuri. Estonia raia anaweza kuona ofisi ipi ilichungulia taarifa zake. Kwa nini nisiweze kuona hivyo kwa mtaa wangu?

Najua jibu la mtendaji, kwa sababu mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Atasema: "Mwanangu, mkaguzi akija akakuta sina kopi, nitajitetea na nini?" Ana haki. Anatunza kopi kujilinda yeye, kwa kuwa hajawahi kuona mtu akiadhibiwa kwa kopi iliyopotea, ila ameona walioadhibiwa kwa kopi iliyokosekana. Ndiyo maana agizo lazima litoke juu, na mkaguzi abadilishe swali lake. Badala ya "kopi iko wapi?", aulize "hii kopi inafanya nini hapa?"

Wapo pia watakaosema kosa ni letu, tunajianika wenyewe. Kweli kiasi. Kwa hiyo wenzangu, tukidaiwa kopi tuandike juu yake kwa kalamu: kwa ajili ya kupanga tu, na tarehe. Tusikubali ombi la UAE Pass ambalo hatukulianzisha wenyewe. Ukiingia likizo Tanzania, piga *106# kabla hujapiga simu kwa mtu. Ukitapeliwa hapa Dubai, toa taarifa kwenye huduma ya eCrime ya Dubai Police, usione aibu. Lakini kumwambia mama wa kijijini ailinde namba ambayo ofisi ya serikali imeibandika ukutani ni kumwonea.

Wengi wetu tunasoma uhandisi, kompyuta na sheria. Miaka michache ijayo ndio tutakaokaa kwenye meza za kuandika hiyo mifumo. Tusirudi nyumbani na skrini za kung'aa juu ya mazoea yaleyale ya droo.

Na kwa mdogo wangu wa Deira, swali lako nimelifikiria. Ndiyo, alikuwa na namba yako. Mimi pia ninayo, msimamizi wa kitanda anayo, na steshenari ya nyumbani huenda inayo. Hakuna hata mmoja wetu ambaye ni wewe.

Wasalaam.