Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone, na Bundi Alale

Pwani ya Kenya bundi akitua juu ya paa hufukuzwa kwa mawe, na wenye nyumba hulala wakihofia msiba. Wakati huohuo kuna mstaafu wa Kiingereza aliyejinyima miaka, akapanda ndege usiku kucha na kulipa maelfu ya dola, ili amwone bundi wa Kilifi kwa dakika tano.

Bundi anayemfuata ni yule mdogo wa Sokoke. Hazidi urefu wa kiganja na vidole vyake, sayansi ilimtambua mwaka 1966, na makao yake yanayojulikana ni mawili tu: misitu ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke, na miteremko ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu, mara nyingi wawili wawili, wamebanana kwenye tawi la chini, rangi yao haitofautiani na majani makavu. Unaweza kusimama hatua tatu kutoka walipo usiwaone. Anayewaona ni mwongozaji wa kijijini, ambaye huingia kichakani mapema akawatafuta, kisha akarudi kumchukua mgeni. Mgeni hupiga picha, huweka alama kwenye orodha yake, safari ikaendelea.

Orodha hiyo ndiyo injini ya biashara nzima. Mmarekani Phoebe Snetsinger, baada ya kuambiwa mwaka 1981 kwamba ana saratani isiyopona, aliamua kuzunguka dunia akitafuta ndege. Alipofariki katika ajali ya gari Madagascar mwaka 1999, orodha yake ilikuwa imepita aina 8,000. Watu wa namna hii hawatosheki na simba wa Maasai Mara. Wanakwenda kwenye tope, kwenye miiba, mahali ambapo hakuna hoteli ya maana, na hapo ndipo ninapouona ubora wa utalii huu. Shilingi yao hufika vijiji ambavyo basi la watalii halijawahi kuviona.

Ushahidi mzuri uko Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria upande wa magharibi wa Entebbe. Wavuvi wa pale walimchukia korongo nyangumi, yule ndege mrefu mwenye mdomo kama kiatu, wakiamini kwamba ukimwona siku hiyo samaki hutapata. Walikuwa wakimuua. Leo baadhi yao ndio wanaopiga kasia kuwapeleka wageni kumtazama akiwa amesimama kimya akimvizia kamongo. Hakuna mahubiri ya uhifadhi yaliyoibadilisha imani hiyo upesi kama nauli ya mtumbwi.

Lakini tusisherehekee mno. Safari nyingi za aina hii huuzwa Ulaya na Marekani, kwa bei inayopangwa hukohuko, zikiongozwa na mtaalamu anayetoka huko na wageni wake. Yule anayejua bundi amelala tawi gani huitwa kwa simu, akalipwa posho ya siku. Ujuzi wake ndio bidhaa yenyewe, ilhali katika hesabu ya safari amewekwa fungu moja na petroli na maji ya chupa. Hilo halinishangazi, ila sioni kwa nini tulikubali.

Hata akilipwa vizuri, waongozaji ni wachache. Jirani yake, ambaye nyani wa msituni wanamalizia mahindi, anaona nini cha kumfanya aupende msitu? Arabuko-Sokoke imewahi kulijibu swali hili vizuri kuliko wengi wanavyojua. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, hununua kwa wanakijiji pupa wa vipepeo na kuwauza ng'ambo, na fedha huingia nyumba nyingi. Mpango wa ASSETS, ulioanza 2001, huchangia karo za sekondari za watoto wanaoishi kando ya msitu, na sehemu ya fedha zake hutokana na wageni wanaopita kwenye njia ya mbao juu ya mikoko ya Mida. Mzazi ambaye hajawahi kushika darubini anajua karo ya mwanawe imetoka wapi.

Ndege naye ana madai yake. Siku hizi karibu kila sauti ya ndege imo kwenye simu, na huchezwa msituni ili ndege ajitokeze. Dume akiisikia hudhani eneo lake limevamiwa; huacha kula, huacha kiota, huja kupigana na spika. Mara moja si neno. Kikija kikundi baada ya kikundi msimu mzima, ni usumbufu, na mwongozaji anayetegemea bakshishi hana nguvu ya kumwambia mgeni azime. Katika misitu yenye ndege adimu, sauti hizo zipigwe marufuku langoni, na mgeni asiingie bila mwongozaji wa hapo kwa ada iliyoandikwa wazi, yenye fungu la kijiji. Hata hivyo, moshi wa ndege ya London hadi Nairobi utabaki palepale. Karo ya mtoto wa Gede haiufuti, na anayedai vinginevyo anajifariji. Mwaka 2020, anga ilipofungwa, tuliona pia jinsi riziki hii inavyokatika kwa siku moja, huku mkaa ukiendelea kupata wanunuzi.

Halafu yuko kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana kokote nje ya kaunti ya Kilifi. Alijulikana kwa miaka mingi bila mtu kujua anazalia wapi, mpaka mwaka 2013 viota vyake vilipoonekana kwenye vidimbwi vya msimu huko Dakatcha. Vidimbwi hivyo hutegemea mvua, kwa hiyo hakuna mwenye kampuni anayeweza kumwahidi mteja wake kwamba atamwona mwezi fulani. Dakatcha haina ulinzi wa serikali kama Arabuko-Sokoke, na miti yake inakatwa kwa mkaa na mashamba ya mananasi. Kumtunza kwera huyu kutahitaji fedha ambazo hazisubiri mtalii atue.