LANDROVER YETU HAIKUFA, ILIUAWA

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu wa Jumamosi utatuuliza tununue gari gani kwa fedha ya makato ya misimu miwili. Fedha hiyo ni jasho la kahawa yetu, siyo msaada wa mtu. Nimesikia maneno mengi pale kilabuni na pale ghalani, na karibu yote ni ya majina. Huyu anasema Landrover, yule anasema mkonga, na vijana wetu wanataka pikapu ya kisasa kwa kuwa wameiona mjini inang'aa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza lile gari lililolala nyuma ya ghala, kuku wakitagia ndani, lilikufaje. Mimi nitasema. Nilikuwa utingo wake, kwa hiyo na mimi ni mshitakiwa.

Lile ni Landrover 109, Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Tulilipata baada ya vyama vya ushirika kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lilibeba mbolea, lilibeba bibi harusi, lilibeba wajawazito usiku wa mvua, na wengine wamo humu kijijini leo ni watu wazima waliotaka kuzaliwa juu ya kiti chake. Kisha likasimama, na sisi tukakaa chini ya mwembe tukatoa hukumu: eti gari la Mwingereza ni bovu. Uongo mtupu!

Sikilizeni. Landrover ilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi likatengenezwa kwa aluminiamu. Bodi hilo halioti kutu nyekundu. Sisi tulipoona bodi haliozi tukajidanganya kwamba gari zima haliozi. Lakini chasisi ni chuma kama jembe lako. Tulipakia mbolea ya chumvichumvi, magunia yakapasuka, mbolea ikapenya chini ikachanganyika na tope, na hakuna aliyelala chini ya gari kuosha. Tuliosha vioo! Tuliosha milango, mwenyekiti apande pasafi. Chasisi ikaliwa kutoka ndani kimya kimya kama mhogo unavyoliwa na mchwa, mpaka siku ile springi ya nyuma iliponyofoka na kipande cha chasisi juu ya mlima, na mbolea yote ikamwagika korongoni.

Nasema kweli, mtengenezaji naye ana lake. Ekseli za nyuma za Landrover zile za zamani zilikuwa nyepesi, zikikatika sana, kila dereva wa wakati ule anajua. Hilo silifichi. Lakini gari la tani moja sisi tulilibebesha karibu mbili, na juu ya magunia tukapandisha watu, na juu ya watu kuku. Rejeta ikipungua maji, mimi huyu huyu nilishuka mtoni na kopo nikajaza maji yenye mchanga. Oili ilibadilishwa siku ilipokumbukwa. Grisi ya beringi iliwahi kupakwa kwenye bawaba za mlango wa ghala. Nani alipaka? Tusitajane.

Sasa tuje kwenye mkonga, Landcruiser ya namba 70. Wanaoitaka wana hoja, na mimi niko upande wao, ila wanaitaka kwa sababu mbaya. Wanasema haifi. Ndugu zangu, hakuna gari lisilokufa. Sifa yake ni nyingine. Gari lile lilianza 1984, na ile injini ya 1HZ ya dizeli, silinda sita, sisi 4,164, ilianza 1990. Haina tabo. Pampu yake ya dizeli ni chuma kinachosukuma chuma, na fundi wetu wa hapa njia panda anaweza kuifungua nozeli, kuiona ilivyo na kujua la kufanya. Injini hiyo haikubadilishwa sana kwa zaidi ya miaka 30, ndiyo maana spea yake unaikuta mpaka dukani kwa muuza baiskeli. Haina mbio, dizeli inakunywa, na mlima inaupanda kwa kulalamika. Sawa. Ilalamike, lakini ifike.

Hata hiyo tutaiua tukitaka. Ndani yake kuna mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika safarini, vyuma vya ndani vinagongana na injini imekwisha. Sasa ukinunua gari la mkononi ambalo mita yake imerudishwa nyuma, utajuaje mkanda una umri gani? Na ule mkonga wenyewe watu wanaudhani ni hirizi ya mtoni. Mkonga unaipa injini hewa ya juu, basi. Difu na beringi hazina mkonga. Ukivuka maji marefu hali difu ni ya moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani, na ukifungua kesho unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Asiyeifungua atakuja kuuziwa difu nzima.

Kuhusu pikapu ya kisasa, sitaki vijana waseme mzee anaogopa maendeleo. Injini zile zinavuta kwa nguvu kuliko 1HZ, na dizeli zinakula kidogo. Hapo wako sawa kabisa. Lakini dizeli mle inasukumwa kwa mgandamizo unaopita mara 1,000 ule wa hewa tunayovuta, ikapita kwenye matundu membamba sana. Sasa niambieni, dizeli yetu tunanunua wapi? Kwenye madumu, kando ya barabara, ya kumiminwa kwa kitambaa cha kanga! Tone la maji au vumbi ambalo 1HZ ingelikohoa na kuendelea, mle linaharibu nozeli, na nozeli hizo kuzipima kunataka mashine ya mjini. Taa ikiwaka kwenye dashibodi, fundi wetu atatazama kama mbuzi anavyotazama redio. Nani atalivuta gari mpaka mjini, na kwa fedha ipi? Ng'ombe wa nani?

Yuko mzee wangu mmoja ninayemheshimu, anasema turudi kwa Landrover, mbona Arusha Oktoba 2024 zilikusanyika kwa mamia, kuukuu na mpya. Shikamoo mzee, lakini zile zilifika zikitembea kwa kuwa wenyewe wanazitunza kama ng'ombe wa maziwa, na Arusha mafundi wake wamejaa. Landrover ya umbo lile la zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016. Hapa kwetu fundi aliyeijua vizuri tumeshamzika.

Kwa hiyo napendekeza mkonga wa 1HZ, na napinga usinunuliwe Jumamosi. Naam, napinga! Kwanza fedha igawanywe, sehemu ya kununua na sehemu ya matunzo ya mwaka mzima, isiguswe hata kwa sherehe ya mgeni. Kabla ya kulipa, fundi alale chini na nyundo ndogo agonge chasisi yote, asikilize panapolia kama debe. Muuzaji akikataa, tuondoke. Mkanda wa taimingi ubadilishwe siku ya kwanza hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Dizeli ikae kwenye pipa letu lenye chujio. Na dereva awe na daftari, aandike kilomita, oili, grisi na mzigo, na kamati isome kila mwezi mbele ya watu.

Najua hili la daftari ndilo litakalochukiwa, kwa kuwa gari lisiloandikwa ndilo linalokwenda msibani kwa mkubwa bila kulipia mafuta.

Daftari la Landrover yetu nimelikuta stoo, panya wamelila pembeni tu. Nimeliacha kwa karani. Kurasa za mwanzo zimejaa, oili na grisi vimeandikwa kwa wino mzuri wa yule dereva wa kwanza. Baadaye ni tarehe tupu. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja, mwandiko ni wangu: "Imelia nyuma. Tutaangalia kesho."

Mwanachama, aliyekuwa utingo